Si kila mpagazi alikuwa mtumwa

Wengi tumekua tukisikia kwamba kila aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo alikuwa mtumwa, akifika anauzwa pamoja na mzigo wake. Wa namna hiyo walikuwepo, tena si haba. Lakini katika karne ya 19 njia ya Tabora ilitegemea zaidi wapagazi wa kuajiriwa, hasa Wanyamwezi. Walipatana ujira wa nguo, kwa mfano merikani (kitambaa cha pamba kutoka Marekani), pamoja na posho ya njiani. Mzigo wa kilo 30 hivi begani, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele. Posho ikipunjwa, walitua mizigo wakagoma. Watumwa wa pwani nao walikodishwa, bwana akichukua sehemu ya ujira. Na mtu aitwaye James Chuma, aliyeokolewa utumwani mwaka 1861, mwaka 1879 alikuwa mnyapara wa msafara wa mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson.