Kabla ya Kuchimba Kisima Kingine, Pimeni Mlivyo Navyo: Elimu kwa Wakulima Wanaotumia Maji ya Chini ya Ardhi

Kiangazi kikikolea, malalamiko ya visima huongezeka mezani kwetu katika Bodi ya Maji ya Bonde, chombo cha serikali kinachosimamia matumizi ya maji, na mengi yana sura moja: jirani kachimba kisima kirefu, kafunga pampu ya sola, cha kwangu kimekauka, njooni mkamfungie. Tukifika tunauliza: mwaka jana mwezi kama huu maji yalikuwa kina gani? Mlalamikaji hajui. Mlalamikiwa naye hajui. Bila kumbukumbu hiyo, hata mtaalamu mwenye vifaa vyote anabaki kukisia, na uamuzi wa kukisia haumridhishi yeyote.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba haikupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Tumelisema hili kwenye mikutano ya vijiji mwaka hadi mwaka, na bado watu wazima wenye elimu zao wanatuambia, "Nimechimba kwangu, kwa hela yangu." Hela ni yako, bomba ni lako. Maji yanayoingia kwenye bomba hilo yanatoka chini ya mashamba ya wenzako pia.

Jambo jingine linalotupotezea muda ni imani ya mto unaopita ardhini, kwamba ukichimba zaidi utaufikia. Sehemu kubwa ya kanda ya kati, Dodoma na Singida, imekaa juu ya mwamba wa kale. Maji yamo katika tabaka la juu lililolegea na katika nyufa za mwamba wenyewe. Kadiri unavyoshuka nyufa hupungua, na mwishoni unalipia mita za jiwe kavu. Zipo pia sehemu, Singida ikiwemo, ambako maji ya chini yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Kisima kirefu zaidi si dawa.

Kinachosaidia ni wakulima wa eneo moja kupima pamoja. Njia yenyewe mnaijua: shamba darasa, mtindo ulioanzia kwenye mashamba ya mpunga Indonesia mwaka 1989, wakulima wakijifunza kudhibiti wadudu kwa kuchunguza mimea yao wenyewe. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, kuanzia 2003, mtindo huo ulihamishiwa kwenye visima katika wilaya 7 zenye ukame, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Wakulima, wanawake kwa wanaume, walipima mvua, kina cha maji na kiasi kinachotolewa na pampu, wakaandika matokeo ukutani kijijini kila mtu ayaone. Mvua zilipokwisha walikaa kupiga hesabu: maji yaliyopo ni kiasi gani, na mazao tunayokusudia yanahitaji kiasi gani? Hakuna aliyelazimishwa kubadili zao. Wengi walibadili baada ya kuona hesabu.

Vifaa ni vya kawaida. Chukua kamba isiyovutika, funga kipande cha bomba la chuma kilicho wazi upande wa chini, kishushe kisimani taratibu. Kikigusa maji utasikia mlio mkavu, "pwo". Bana kamba kwa vidole usawa wa ukingo, ivute, ipime kwa futi kamba. Pima alfajiri kabla pampu haijawashwa, maana pampu ikifanya kazi maji hushuka kuzunguka kisima na utasoma kina cha uongo. Anzia alama ileile ya ukingo kila mara, ipigeni rangi. Kila baada ya wiki mbili inatosha, mradi msiruke. Daftari lenye mapengo halinisaidii kuamua mgogoro wenu.

Kisha pampu. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, pampu yako inatoa lita 2 kwa sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Sasa shamba: milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni takriban lita 4,000. Vitunguu huhitaji milimita 350 hadi 550 kwa msimu. Tukishika 450, ekari moja inataka kama lita milioni 1.8, na pampu hiyo itahitaji kama saa 250, kabla hujahesabu yanayopotea mferejini. Nimeona watu wakinyamaza kabisa hesabu hii ikifika mwisho. Mwenye sola aifanye kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hana gharama ya mafuta ya kumkumbusha kuzima.

Tunacheza pia mchezo uliochezwa na wakulima vijijini Andhra Pradesh. Punje 50 za mahindi katikati ya mkeka ndiyo maji. Wachezaji ni watano. Anayelima dengu huchukua punje 1 kwa mwaka, wa vitunguu huchukua 3, na kila mwaka mvua hurudisha 5. Wote wakilima vitunguu, punje hupungua 10 kila mwaka, na mwaka wa tano hazitoshi. Wote wakilima dengu, hazipungui. Ubishi unaofuata hapo, nani alime vitunguu mwaka huu na nani asubiri zamu, ndio mazungumzo ambayo sheria haiwezi kuyafanya kwa niaba yenu.

Mchezo una upungufu mmoja: mvua yetu hairudishi punje 5 kila mwaka. Makutupora, chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dodoma, kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Uchambuzi wa miaka 55 ya kumbukumbu hizo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyoingia ardhini ililetwa na misimu michache tu ya mvua kubwa, ya El Niño ya 1997/98 ikiongoza. Miaka mingi ya katikati ilikuwa ya kula akiba. Kwa hiyo maji yakipanda mwaka wa mvua kubwa, msiyachukulie kuwa ruhusa ya kuongeza ekari.

Nieleze utaratibu, maana kupima hakuondoi wajibu wa kisheria. Kwanza fanya uchunguzi wa maji ardhini kwa mtaalamu anayetambulika. Pili, omba kibali cha kuchimba kutoka Bodi ya Maji ya Bonde lako. Tatu, tumia mchimbaji mwenye leseni, umtake nakala yake kabla ya kumlipa. Baada ya kuchimba, kisima kipimwe uwezo kwa pampu, maji yapimwe ubora, na taarifa ya uchimbaji iwasilishwe Bodi. Hapo ndipo unaomba kibali cha kutumia maji, ukitaja matumizi, ekari na kiasi. Anayeona ataathirika ana haki ya kuweka pingamizi. Kibali cha kuchimba hakigeuki kuwa cha kutumia. Wengi wanaishia hapo na kujiona wamekamilisha. Kibali cha kutumia kina ada ya kila mwaka na masharti, na ukikiuka kinaweza kusitishwa au kufutwa. Kutumia maji bila kibali pale kinapotakiwa ni kosa lenye faini, kifungo, au vyote viwili. Maji ya nyumbani yana nafuu yake kisheria. Umwagiliaji wa kuuza sokoni hauhesabiki kuwa matumizi ya nyumbani.

Vikundi vinavyotaka kuanza viandike barua kwa Bodi kupitia ofisa mtendaji wa kijiji, vikitaja idadi ya visima na mazao, na kama kuna Jumuiya ya Watumia Maji, ihusishwe tangu mwanzo. Leteni barua kabla ya mvua za Novemba, ili kipimo cha kwanza kiwe cha maji yakiwa chini kabisa.