Siriz ndefu za fantasia: tunavyodanganyana kuhusu kipi kisomwe kwanza

Kamwene wadau wa vitabu, Iringa, Njombe, Makete, na sie wa Mbeya tunaosoma tumejifunika blanketi mbili mwezi wa sita. Kila baridi ikianza swali ni lile lile, hii siriz ina vitabu kumi, ingine arobaini, naanzia wapi? Afu majibu sasa, kila mtu mtaalamu. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu anasoma siriz moja, anapata kanuni iliyomfaa, basi anaigeuza sheria ya siriz zote duniani. Wakati hizi siriz hazijaunganishwa kwa namna moja. Kuna ambayo ni hadithi moja imekatwa vipande, kuna ambayo ni dunia moja yenye hadithi kibao zinazojitegemea, na kuna zile ambazo juu juu hazijuani ila kwa chini zinakutana. Jua kwanza ya kwako ni ipi kati ya hizo, nusu ya ubishi itakuwa imeisha.

Dhana: cha kwanza ndo cha kuanzia, hakuna mjadala

Kwa Wheel of Time sawa, hapo sibishi. Robert Jordan alianza na The Eye of the World mwaka 1990, akafariki 2007 hajamaliza, akaja Brandon Sanderson akamalizia mpaka kitabu cha 14 kilichotoka 2013, na yote ile ni hadithi moja tu inayoendelea. Ukianzia cha tano ni sawa na kupandia basi la Dar pale Makambako, kufika utafika, ila Chimala na Igawa hukuziona na jirani yako wa siti anacheka kitu kilichoanzia Uyole.

Lakini mtu akikuletea sheria hiyo kwenye Discworld ya Terry Pratchett mkatalie. Ile ina riwaya 41, ya kwanza The Colour of Magic ya 1983, ya mwisho The Shepherd's Crown ya 2015, ambayo ilitoka baada ya mwenyewe kufariki mwaka huo huo. Sasa vile viwili vya mwanzo ni mzaha juu ya riwaya za fantasia za zamani, mambo ya mapanga na wachawi, na kama hizo hujazisoma utani mwingi unakupita, halafu Pratchett mwenyewe alikuwa bado hajakolea. Watu wanaachia hapo wanasema huyu mzee amesifiwa bure. Mpe huyo mtu Mort ya 1987, ambamo Kifo anachukua kijana wa kumfundisha kazi. Au Guards! Guards! ya 1989, askari wa doria ya usiku waliochoka na maisha, kwenye jiji ambalo wezi wana chama chao kinachotambulika kabisa, afu linatokea joka. Au Small Gods ya 1992 isiyodai usome chochote kabla, mungu mkubwa anajikuta ni kobe maana watu wanasali kweli ila anayemwamini kwa moyo amebaki mmoja tu.

Waliokulia na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla au Willy Gamba wa Musiba hili wanalielewa haraka, hakuna aliyeuliza aanze na kisa kipi, ulisoma ulichoazima. Discworld ni hivyo hivyo ila ina matawi, kuna tawi la askari, la wachawi wanawake, la Kifo, la mchawi Rincewind, la binti Tiffany Aching. Kuruka tawi hadi tawi ruksa. Ndani ya tawi fuata miaka, kwa sababu watu humo wanaoa, wanapanda vyeo, wanabadilika. Yule Vimes, mkuu wa wale askari wa usiku, unayemkuta mwanzoni amelewa yuko mtaroni habaki hivyo, na ukishamwona kwanza alivyo mbele huko, ule utamu wa kumwona anainuka haurudi.

Dhana: soma kwa mpangilio wa matukio, ndo akili

Hii ndo inanikera kuliko zote na chanzo chake kikubwa ni Narnia. C.S. Lewis alitoa The Lion, the Witch and the Wardrobe mwaka 1950, kisha vingine vikafuata, na The Magician's Nephew inayosimulia Narnia ilivyoumbwa ikatoka 1955, ya sita kati ya saba. Ila shika nakala za siku hizi uangalie mgongoni, utakuta Magician's Nephew imepewa namba 1 na Lion namba 2. Mtu anaona namba, anaamini, kwa nini asiamini.

Watetezi wake wanakuja na barua. Ni kweli barua ipo, mwaka 1957 Lewis alimjibu mtoto mmoja wa Marekani aliyekuwa anabishana na mama yake, mtoto anataka mpangilio wa matukio, mama anataka wa kutoka, na Lewis akasema anaelekea kukubaliana na mtoto. Basi wanakatia hapo. Hawakwambii kwamba barua hiyo hiyo inaendelea kusema pengine mpangilio wenyewe si kitu cha maana sana.

Mimi barua naiweka pembeni nafungua kitabu chenyewe. Kwenye Lion, siku jina la Aslan, yule simba aliyeiumba Narnia, linatajwa mara ya kwanza mbele ya wale watoto wanne, msimulizi anamgeukia msomaji anamwambia kwamba wale watoto walikuwa hawamjui Aslan ni nani, kama wewe usivyomjua. Sasa we uliyetoka kusoma Magician's Nephew umeshamwona Aslan akiimba mpaka nyasi zinaota, unaambiwaje humjui? Na ile nguzo ya taa. Lucy, mmoja wa wale wanne, anapita kwenye kabati la nguo, anakanyaga theluji, anakuta taa ya barabarani inawaka katikati ya msitu, na hapo unatakiwa ujiulize nani kaiweka, ukae na hilo swali vitabu kadhaa. Nephew ndo inajibu. Ukiianza hiyo umepewa jibu la swali ambalo hujauliza.

Hiyo ndo hali ya karibu kila kitabu cha asili ya hadithi kilichoandikwa baadaye, kimeandikiwa mtu ambaye dunia ile ameshaizoea. New Spring ya 2004 ni hadithi ya kabla ya Wheel of Time lakini ilitoka katikati ya cha kumi na cha kumi na moja, iache huko. The Silmarillion ndo usiseme, ilitoka 1977, Tolkien alishafariki 1973, mwanae Christopher ndo akaihariri, na watu wanaianza eti kwa sababu inaanza na kuumbwa kwa dunia. Anza na The Hobbit ya 1937 kama mtu wa kawaida.

Dhana: basi mwaka wa kutoka hauna makosa

Mara nyingi ndio. Ila uliza kwanza, kutoka kwa lugha gani? The Witcher imeandikwa Kipolandi na Andrzej Sapkowski, na sisi tunaosoma tafsiri ya Kiingereza tulipangiwa vibaya. Kwa Kiingereza The Last Wish ilitoka 2007, Blood of Elves ikafuata 2008, na Sword of Destiny ambayo kwa Kipolandi ilikuwepo tangu 1992 ikaja kutafsiriwa 2015, wakati riwaya kadhaa zimeshatangulia. Na humo ndimo mhusika mkuu Geralt anakutana na yule binti Ciri! Kwa hiyo aliyefuata miaka ya Kiingereza anafungua Blood of Elves anakuta mtu na mtoto wameshashibana na hajui wametokea wapi. Soma Last Wish, Sword of Destiny, afu ndo riwaya tano kwa mpangilio wake. Season of Storms isome baada ya hizo, hata kama matukio yake ni ya nyuma.

Dhana: Cosmere bila kumaliza vyote huelewi kitu

Wanaosema hivi ndo wanaotisha watu. Unakuta mtu kaletewa The Way of Kings kwa basi kutoka Dar, kizito kama nini, anaambiwa arudishe kabatini asome kwanza vitabu sita vingine. Hapana. Cosmere ni vile vitabu vya Sanderson, kuanzia Elantris ya 2005, vilivyo kwenye sayari tofauti za ulimwengu mmoja, na kila mfululizo una hadithi yake inayosimama. Anza na The Final Empire ya 2006, cha kwanza cha siriz ya Mistborn, au hicho hicho Way of Kings cha 2010. Kuna jamaa anaitwa Hoid anapitapita kwenye vitabu tofauti kwa majina tofauti, usipomtambua hadithi haivunjiki.

Kuna sehemu chache tu za kuwa makini. Warbreaker ya 2009 ni vizuri uisome kabla ya Words of Radiance, kinachofuata Way of Kings, na hiyo Warbreaker mwandishi mwenyewe ameiweka bure kwenye tovuti yake, kihalali kabisa, ni bando lako tu. Edgedancer isome kabla ya Oathbringer, cha tatu baada ya hivyo viwili. Na kile cha Secret History cha Mistborn ni chembamba, kinashawishi, usikiguse mpaka umalize vitatu vya kwanza vya Mistborn, na kizuri zaidi usubiri mpaka baada ya The Bands of Mourning. Kinakuharibia kuanzia kurasa za mwanzo.

Dhana: visivyo na mhusika wangu naruka

Ya Robin Hobb hii. Vitabu 16, kutoka Assassin's Apprentice ya 1995 mpaka Assassin's Fate ya 2017, na watu wakimpenda Fitz, mhusika mkuu wa mwanzo, wakishamaliza vitatu vya kwanza wanakuta vinavyofuata ni vya mabaharia na merikebu zilizo hai, Fitz hayupo, wanaruka. Siwalaumu ila wanapoteza, mambo yanayotokea kule baharini yanarudi kwa Fitz baadaye, na kuna mtu humo sitamtaja, ukisharuka hutamjua kwa ukamilifu wake. Kwangu mimi hivyo vitatu vya merikebu ndo bora kuliko vyote.

Dhana: Part Two ni kitabu cha pili

Hii inawahusu tunaookota vitabu vya mtumba vilivyotandikwa kwenye turubai, maana nakala nyingi zinazotufikia ni za Uingereza, na kule vitabu vinene vya jalada laini wanavikata viwili. The Way of Kings ina Part One na Part Two, hicho cha pili ni nusu ya nyuma ya kitabu kile kile. A Storm of Swords ya George R.R. Martin nayo ni Steel and Snow na Blood and Gold, mtu anadhani amepata vitabu viwili tofauti vya siriz kumbe kimoja. Kabla hujatoa hela pindua jalada, soma ukurasa wa jina na ule wa haki miliki nyuma yake, angalia mwaka wa kwanza kuchapishwa na kama kuna neno Part. Ukikuta ni nusu ya pili na bei iko poa kichukue tu kabla hajaja mwingine, afu weka oda ya nusu ya kwanza kwa muuzaji, mpe na namba ya simu.