Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni nini?

Jina lenyewe linapotosha. Ukisikia kifua kikuu unawaza kikohozi, kwa hiyo anayeumwa mgongo hupakwa dawa ya kuchua miezi mitatu mizima bila mtu yeyote kutaja TB. Kumbe bakteria wake, wakishavutwa kwa pumzi, huweza kusafiri na damu hadi kwenye tezi za shingo, figo, utando wa ubongo au mifupa. Wakitua kwenye uti wa mgongo, madaktari huuita ugonjwa wa Pott, kwa jina la Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London aliyeueleza mwaka 1779.

Mara nyingi hula pingili mbili zinazopakana, polepole. Maumivu hudumu wiki hadi miezi, na mara nyingine huja na homa za jioni na kukonda. Mwambie mtoto mwenye ugonjwa huu aokote kitu sakafuni: hainami, anachuchumaa, mgongo umenyooka kama ubao. Akicheleweshwa, pingili huporomoka kwa mbele, kibyongo hutokeza, na usaha ukibana mishipa ya fahamu miguu huishiwa nguvu.

Kupima ndiko kwenye kazi. Makohozi yanaweza kuwa safi kabisa, na majibu hayo hayaondoi TB ya mgongo. Hata eksirei ya mapema huenda isioneshe kitu. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona mapema zaidi. Uhakika hutoka kwenye sindano inayochota usaha au kinyama kidogo, kisha mashine ya GeneXpert husoma vinasaba vya bakteria kwa takribani saa mbili na kueleza kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

Dawa ni zilezile za mapafu: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, halafu mbili za kwanza ziendelee. Tofauti ni muda. Tanzania na Kenya, TB ya mifupa hutibiwa miezi 12, bila malipo ya dawa. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kazi ya rifampisini, usiogope. Maumivu yakipungua, usiache dawa: bakteria bado wamo. Upasuaji ni kwa wachache, hasa miguu inapolegea au uti unapoyumba.

Na jambo moja kwa wanaomuuguza nyumbani: TB iliyo mgongoni tu, mapafu yakiwa mazima, haiambukizwi kwa kukaa pamoja. Msimtengee sahani wala chumba.