Maandiko Tunayoyakata Katikati

Dhana: Biblia inasema pesa ni shina la maovu.

Ukweli: 1 Timotheo 6:10 inasema kupenda fedha. Mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu, mpaka giza liingie ili alipe karo hana cha kutubu hapo.

Dhana: "Mungu husaidia anayejisaidia" ni andiko.

Ukweli: Litafute tangu Mwanzo hadi Ufunuo, hulipati. Wazo hilo limo katika ngano za kale za Kigiriki, na Benjamin Franklin alilichapisha Marekani katika almanaka yake ya 1736. Mithali 6:6 humtuma mvivu kwa mdudu chungu ajifunze bidii, kweli, lakini 31:8-9 inatutaka tuwasemee wasioweza kujisemea. Inaniuma tunapolitumia neno la Franklin kumfungia mlango mjane.

Dhana: Mkristo hakatai kumdhamini ndugu yake.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Jirani yangu hapa Nyalenda alimtilia sahihi mwenzake wa kwaya achukue mkopo wa chama. Mwenzake akaacha kulipa, akazima simu. Jumamosi moja asubuhi wanachama walifika, wakatoa viti, televisheni, mwishowe godoro, watoto wakiwa wamesimama mlangoni na vikombe vya uji. Aliniambia aliogopa kukataa kwa kuwa "sisi ni watu wa Mungu."

Mithali 22:26-27 ilishaliona godoro hilo: usidhamini madeni, usije ukanyang'anywa kitanda unachokilalia. Na aliyekwisha kujifunga, sura ya 6 inamhimiza aende sasa hivi, asisinzie, akamsihi jirani yake mpaka achomoke kama paa mkononi mwa mwindaji. Upendo haujakatazwa, Kumbukumbu la Torati 15 inaagiza tumfumbulie maskini mkono. Ila kutoa shilingi 500 ulizo nazo si sawa na kuahidi 50,000 usizo nazo. Mwambie ndugu yako, "Sahihi siwezi, lakini unga huu hapa, chukua." Hujamkosea Mungu.

Dhana: Yeremia 29:11 inaahidi mafanikio ya karibuni.

Ukweli: Mstari huo wa "mawazo ya amani" tunaupenda, tunaubandika hata kwenye matatu. Ulitoka katika barua kwa Wayahudi waliopelekwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10, pale juu yake tu, unataja miaka 70. Wengi walioisikia barua ikisomwa walizikwa ugenini. Lakini hawakuambiwa wakae wakingoja. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na wale matunda yake. Wa 7, wauombee mji walimo.

Mwanangu anatafuta kazi tangu amalize chuo. Nilipomsomea sura yote, alinyamaza kidogo. Wiki iliyofuata aliazima jembe, na sasa tunachuma sukuma wiki nyuma ya nyumba huku maombi ya kazi yakiendelea.