Je, wajua kwa nini dawa zote hazimezwi pamoja na chai ya asubuhi?

Mtu wa Lamu mwenye presha, sukari na kolesteroli hutoka hospitalini na vifuko vinne au vitano vya vidonge. Akifika nyumbani hujiuliza: mbona nisivimeze vyote asubuhi kwa mkupuo mmoja, nikaenda zangu sokoni? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba kila dawa ina mwendo wake mwilini.

Chukua amlodipini, dawa ya presha inayotolewa sana. Huchukua kati ya saa 30 na 50 kupungua nusu katika damu. Ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku chatosha, na ukichelewa saa mbili hakiharibiki kitu. Simvastatini ya kushusha kolesteroli ni kinyume chake. Huisha upesi, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku, kwa hiyo humezwa jioni. Atorvastatini, iliyo ya jamii hiyo hiyo, hukaa zaidi mwilini na yaweza kumezwa wakati wowote, mradi uwe ule ule kila siku. Furosemidi, ile ya kupunguza maji mwilini, huwekwa asubuhi. Ukiimeza usiku utaamka kila mara kwenda haja ndogo, na mzee anayeshuka ngazi za nyumba ya mawe gizani ni rahisi kuanguka.

Dawa za sukari nazo zina masharti yake. Metformini hufuatana na chakula, la sivyo huleta kichefuchefu na kuharisha. Glibenklamidi yataka hadhari kubwa zaidi, maana hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukiimeza kisha chakula kikachelewa, sukari yaweza kushuka hadi ukatetemeka, ukatokwa na jasho, hata ukazimia.

Na hiyo chai yenyewe? Majani ya chai huyashika madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo mja mzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji, mbali na chai. Maziwa huishika siprofloksasini, dawa ya kuua vijidudu, na kuipunguzia nguvu. Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, hutakiwa tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, na saa nne mbali na vidonge vya chuma au kalsiamu. Balungi, na danzi pia, huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja baadhi ya dawa, kama vile felodipini ya presha, na kidonge kile kile kikawa na nguvu kupita kiasi. Balungi hufanya hivyo hata kwa simvastatini. Machungwa matamu hayana shida hiyo.

Basi utazipangaje bila kuchanganyikiwa? Kengele ya simu husaidia, lakini mimi naamini zaidi mambo ambayo mtu hayasahau, yaani swala na chakula. Hapa kwetu pana neema ambayo wengi hawaitambui. Lamu iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua huchomoza na kuchwa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na magharibi husogea takriban nusu saa tu baina ya miezi. Dawa ya mara mbili kwa siku ukiipanga jua linapochomoza na baada ya magharibi, umepata saa 12 kwa 12. Uingereza mpango huo usingefaa, kwa kuwa huko magharibi ya Juni na ya Desemba hupishana kwa saa kadhaa.

Dawa iliyoandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nayo mara nyingi hukusudiwa kumezwa kila baada ya saa 8 hivi, hasa ikiwa ya kuua vijidudu. Wengi huimeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, usiku ukabaki na pengo la saa 13. Ukiipanga alfajiri, adhuhuri na isha, pengo refu kabisa halifiki saa 10.

Vijisanduku vya plastiki vyenye vyumba vya siku saba ni vizuri. Kijazwe siku moja maalumu, tuseme Ijumaa baada ya swala, mchana kweupe, na mtu yule yule kila wiki. Lakini pwani ina joto na unyevu, na unyevu huharibu dawa. Aspirini ikipata unyevu huvunjika na kuanza kunuka siki. Ukisikia harufu hiyo, itupe. Vidonge vya valproati vya kifafa visitolewe kwenye karatasi yake hadi wakati wa kumeza. Njia nyepesi ni kukata karatasi kwa mkasi na kutia kipande kizima katika chumba chake. Kijisanduku kikae kabatini, mbali na jiko, choo na mikono ya watoto. Na kidonge kinachoachia dawa polepole, kama baadhi ya vile vya nifedipini ya presha, kisivunjwe wala kusagwa, kwani dawa ya siku nzima hutoka mara moja.

Hatari ninayoihofia zaidi ni dawa moja kuja kwa majina mawili. Hospitali huandika amlodipini, duka la dawa likatoa boksi lenye jina la kampuni, na mgonjwa akameza zote mbili akidhani ni tofauti. Au magoti yakauma, akanunua diklofenaki ya maumivu bila kusema kuwa tayari anatumia losartani ya presha na dawa ya kupunguza maji. Hizo tatu kwa pamoja zaweza kuziumiza figo vibaya. Kila uendapo kliniki, tia kila kitu kikapuni, hata miti shamba na vile vya kununua mwenyewe, ukavimwage mezani mbele ya daktari au mfamasia.

Ukisahau dozi, imeze ukumbukapo, isipokuwa ikiwa ijayo imekaribia. Usimeze mbili kufidia. Ramadhani mpango wote hubadilika, kwa kuwa hubaki futari na daku tu, hivyo kamwone daktari ndani ya Shaabani abadilishe dawa au dozi, hasa kwa mwenye sukari.

Wa Kizingitini, Faza na Kiwayu, kwenye visiwa vya jirani, wana jambo moja zaidi, nalo ni bahari. Kusi likivuma na mawimbi yakapanda, safari ya kwenda Lamu kuchukua dawa yaweza kuahirishwa siku kadhaa. Hesabu vidonge kila unapojaza kijisanduku, na vikibaki vya wiki mbili anza safari. Wanaotumia atenololi, dawa ya presha na moyo, wazingatie hili zaidi, maana ikikatika ghafla mapigo ya moyo hupanda, na mwenye maradhi ya moyo aweza kushikwa na maumivu ya kifua akiwa mbali na hospitali.