Kufuta faili si kuliondoa kwenye diski
Wengi wanaouza laptopu huamini kwamba wakishafuta picha na kumwaga pipa la taka, kazi imekwisha. Haijaisha. Kwenye diski kuu zile za kuzunguka (HDD), Windows huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili lilipo. Data yenyewe hubaki palepale hadi nyingine iandikwe juu yake. Hata kufomati kwa haraka, yaani kuiandaa diski upya ionekane tupu, hakubadilishi hilo. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kurudisha picha ya kitambulisho chako, mikataba, sura za watoto wako, na mnunuzi humjui. Inaniuma kuona mashine zikiuzwa hivyo. Kwenye Windows 11, ingia Mipangilio, chagua kuweka upya kompyuta na kuondoa kila kitu, kisha washa chaguo la kusafisha data. Huenda ikachukua saa kadhaa, kwa hiyo iache kwenye chaja.