Lugha mahususi ya kutungia michezo ya karata: ni nini na hubuniwaje?

Lugha mahususi ya programu ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa kwa kazi ya aina moja tu. Kwa lugha za jumla kama Python au Java unaweza kuandika karibu programu yoyote unayoitaka. Lugha mahususi haikupi uhuru huo, na imenyimwa kwa makusudi. SQL, iliyoanzia kwenye maabara za IBM miaka ya 1970, kazi yake ni hifadhidata. PuzzleScript, iliyotolewa na Stephen Lavelle mwaka 2013, kazi yake ni michezo ya mafumbo ya kusukuma vitu kwenye miraba. Lugha ya kutungia michezo ya karata ni ya ukoo huohuo: wewe unaandika kanuni kwa mistari michache, na kompyuta inachanga, inagawa, inafuatilia zamu na kumkatalia mchezaji anayetupa karata isiyostahili.

Kwa nini mtu asitumie Python moja kwa moja? Anaweza, na wengi hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba kanuni za karata hazikai mahali pamoja. Chukua Kadi, mchezo unaochezwa kote Kenya. Unatupa karata inayolingana na ile ya juu mezani kwa aina au kwa namba. Ukitupa 2, anayefuata anachukua mbili, 3, anachukua tatu, jokeri, tano. J inamruka mtu, K inageuza mzunguko, 8 na Q ni maswali ambayo aliyeyatupa lazima ayajibu mwenyewe kwa karata nyingine, na A inakuwezesha kudai aina unayoitaka au kujikinga na adhabu. Ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi". Sasa hama mtaa mmoja tu. Huko wanagawa karata tatu badala ya nne, jokeri hawaitaki, na ukimaliza kwa karata yenye adhabu hujashinda. Kwenye programu ya kawaida, kila badiliko la namna hiyo linakulazimu kupekua kurasa za msimbo ambazo nusu yake zinahusu picha na vitufe. Kwenye lugha mahususi, kanuni ya mezani ni mstari mmoja, na mstari huo unaweza kubadilishwa na mtu ambaye hajawahi kuandika programu.

Hebu tuibuni moja, kwa maneno ya Kiswahili, tuone inakuwaje:

mchezo "Kadi"
wachezaji 2 hadi 5
pakiti 54

sehemu mkono: kila mchezaji, kuona mwenye
sehemu rundo: moja, kuona hakuna
sehemu meza: moja, kuona wote

anza
  changa rundo
  hamisha 4 rundo -> mkono
  hamisha 1 rundo -> meza

zamu
  tupa 1 mkono -> meza
    ruhusu aina sawa au namba sawa
  ukishindwa hamisha 1 rundo -> mkono

ikitupwa 2: adhabu +2
ikitupwa 3: adhabu +3
ikitupwa jokeri: adhabu +5
ikitupwa J: ruka 1
ikitupwa K: geuza

shinda mkono tupu

Haijakamilika, lakini inasomeka. Ona pia kwamba mengi ya maneno yake ni nomino na vitenzi vilivyoachwa bila upatanisho. Hilo ni la lazima: ukiruhusu "inaonekana" kwa meza na "linaonekana" kwa rundo, unamtwisha mtumiaji ngeli ambazo kompyuta haina haja nazo, na atakosea kila siku.

Mistari mitatu ya "sehemu" ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa lugha yoyote ya karata. Mbunifu anayeanza hukimbilia kueleza karata zenyewe: kopa, uru, shupaza, pau, namba, thamani. Hayo ni mepesi. Jambo gumu ni kueleza nani anaona nini. Kwenye bao au sataranji kila kitu kiko wazi. Aliye upande huu anaona sawa na aliye upande ule. Kwenye karata, mchezo mzima umejengwa juu ya kutojua. Hata watafiti walijikuta wakirudi nyuma kwa sababu hii. Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa na lugha ya kuelezea michezo, GDL, iliyotumika kuanzia mwaka 2005 kwenye mashindano ya programu zinazocheza mchezo zisioujua kabla. Ilimudu sataranji bila shida, ila haikuwa na namna ya kusema kwamba karata imefichwa wala kwamba imetoka kwa bahati. Mwaka 2010 Michael Thielscher aliipanua kwa kuiongezea maneno mawili tu, moja la bahati na moja la kuona, na lango la karata likafunguka.

Kwa hiyo "kuona" inapaswa kuwa sifa ya sehemu, isiwe ya karata moja moja. Karata ikihama kutoka rundo kwenda mkononi mwako, yenyewe inaanza kuonekana kwako kwa sababu imeingia sehemu ambayo mwenye anaona. Hakuna anayelazimika kukumbuka kuifunua au kuificha. Programu ikichezwa kwenye simu kadhaa, seva inajua pia ni karata zipi za kuipelekea kila simu. Ukituma zote na kutegemea skrini izifiche, yupo atakayezichungulia.

Jambo la pili ni kitenzi "hamisha". Kugawa, kuchukua na kutupa, vyote ni kuhamisha karata kutoka sehemu moja kwenda nyingine. "Tupa" ni hamisha yenye sharti na hiari ya mchezaji. Lugha isiyo na amri ya kuumba karata wala ya kuifuta ina faida kubwa: pakiti ikiwa na karata 54 mwanzoni, jumla ya sehemu zote itakuwa 54 hadi mwisho. Baadhi ya hitilafu za michezo ya karata ni za karata iliyotokea mara mbili au kupotea, na hapa haziandikiki kabisa. Huo ndio utamu wa kunyimwa uhuru.

"Changa" nayo inastahili neno lake, mtumiaji asiachiwe kujichangia. Njia inayomjia mtu haraka ni kupita karata moja baada ya nyingine na kubadilishana kila moja na yoyote ile kwenye pakiti. Inaonekana ya haki, kumbe sivyo. Jaribu kwa karata tatu: njia hiyo ina matokeo 27 yenye uzito sawa, lakini mipangilio ya karata tatu ni 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Lazima baadhi ya mipangilio ijitokeze zaidi ya mingine. Njia sahihi ilielezwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, na Richard Durstenfeld akaifupisha kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964: karata ya mwisho ibadilishwe na yoyote kati ya zote, kisha ya kabla yake na yoyote kati ya zilizobaki, hivyo hivyo hadi mwanzo. Hata hapo, chanzo cha bahati ni muhimu. Mipangilio ya karata 52 ni namba yenye tarakimu 68, ilhali kizalisha namba za bahati kinachoanzia kwenye mbegu (namba ya kuanzia hesabu) ya biti 32 hakiwezi kutoa zaidi ya mipangilio bilioni 4 na kitu. Mwaka 1999 wahandisi nchini Marekani walionyesha kuwa programu moja ya poka mtandaoni ilichukua mbegu yake kutoka kwenye saa, milisekunde tangu saa sita usiku, na kwa siku nzima hizo ni 86,400,000 tu. Waliweza kubashiri karata za kila aliyekaa mezani.

Kutoka maandishi hadi mchezo unaochezeka, njia ni ileile ya lugha zote: maandishi yanavunjwa kuwa maneno, maneno yanapangwa kuwa mti kwa kufuata sarufi, na kikalimani, yaani programu inayosoma kanuni na kuzifuata, kinaupita mti huo na kutekeleza. Kwa lugha ndogo kama hii, mwanafunzi wa chuo anaimaliza kazi hiyo bila kuteseka. Wengine huikwepa hatua ya sarufi kabisa kwa kuijenga lugha yao ndani ya Python au Lua, kama mkusanyiko wa maneno maalumu. Ni njia ya mkato nzuri, ila ujumbe wa makosa utatoka kwa lugha mama, na mtu wa karata hatauelewa.

Ugumu wa kweli unarudi kwenye kanuni. Angalia "adhabu +2". Je, anayefuata akiwa naye ana 2, anaruhusiwa kuitupa na kumsukumia wa tatu adhabu ya 4? Meza nyingi zinaruhusu. Basi adhabu ni deni linalosafiri, na kwa muda deni hilo likiwepo, sharti la "aina sawa au namba sawa" limesimamishwa na jingine limeshika nafasi yake. Lugha inahitaji neno la hali: "wakati adhabu > 0, ruhusu 2 au 3 au jokeri au A". Swali la 8 na Q ni hali nyingine, na "niko kadi" ni ya tatu, ambayo haihamishi karata yoyote; ni tamko ambalo lazima likumbukwe hadi zamu ijayo. Ukiongeza neno la "hali", karibu Kadi yote inaandikika. Mistari yangu ya juu ina tundu jingine pia: karata ya kwanza kuwekwa mezani inaweza kuwa 2 au J, na haijasemwa ifanyiweje.

Ukigeukia michezo ya turufu ya pwani, mambo yanabadilika tena. Huko ree (A) ina pointi 11, seti (7) 10, na wazungu, yaani karata za picha: mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla ya aina nne ni 120, na ushindi ni kupita 60. Hapo unahitaji jedwali la thamani na amri ya kulinganisha karata zilizotupwa, turufu ikizipiga zote. Ukiongeza hayo, lugha inameza familia nyingine nzima. Ukiendelea kuongeza kila ombi la kila mchezo, utaamka siku moja una Python yenye maneno ya karata, na sababu ya kuibuni imekwisha. Mimi ningekubali neno jipya pale tu michezo miwili isiyofanana inapolihitaji.

Kuipima lugha ni kuiachia kompyuta icheze peke yake, ikitupa karata ovyo, michezo maelfu kwa usiku mmoja. Itafika kwenye kona ambazo hukuzifikiria: rundo limeisha na hakuna aliyesema karata zilizo chini ya ile ya juu mezani zichangwe upya. Au wamebaki wachezaji wawili, mmoja ametupa K. Kwa kikalimani, kugeuza mzunguko wa watu wawili hakubadilishi kitu, zamu inaenda kwa mwenzake vilevile. Mezani kuna wanaosema zamu inamrudia aliyetupa. Lugha nzuri haichagui upande; inasimama, inataja mstari wa "geuza", na kumuuliza mtunzi anataka ipi.